Fimbo Isiyoliwa na Kutu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya mabomba, na kurasa za mwanzo zimejaa inchi na viwiko. Leo naandika mengine. Nimeona kitu ambacho sijawahi kukiona katika miaka kumi na tisa ya ufundi, na hapa chumbani kwangu Nyamirambo hakuna wa kumsimulia ila jiko.

Nimeitwa mtaa wa Remera, juu kidogo ya Gisimenti, kwa mzee anaitwa Zephaniah. Nyuma ya nyumba yake ameegesha gari la kulala, lile la Kimarekani lenye kitanda, jiko, choo na bafu ndani kwa ndani. Mmisionari mmoja alilileta miaka hiyo, akazeeka, akarudi kwao, na mzee akalinunua mwaka jana. Amekuwa dereva wa lori la Dar miaka thelathini.

"Nimelala kwenye kiti cha lori ujana wangu wote," akaniambia. "Sasa nataka kulala barabarani kama binadamu."

Kiswahili chake ni cha Karagwe, kama changu! Alizaliwa huko ukimbizini. Moyo ukanifurahi, maana hapa mjini nimechoka na "maji iko, bomba iko."

Gari hilo si la starehe lakini. Mkewe, Mama Gahongayire, ana saratani ya mifupa. Mtoto wao wa kwanza, Rwema, alikufa kwa surua Karagwe akiwa na miaka minne, wakamzika kando ya shamba la kahawa. Waliporudi Rwanda, mama hakupata tena nafasi ya kukaa kando ya kaburi lile. Ndicho anachokitaka sasa, basi. Daktari amewaambia kama ni kusafiri, wasafiri kabla ya Juni. Miguu yake haipoi maumivu ila kwa maji ya moto, kwa hiyo gari lazima liwe na maji ya moto. Na maji ya gari hilo yananuka mayai viza.

Nikafunga gesi, nikatoa presha ya tangi, nikafungua ile bolti kubwa ya chini. Kumbe bolti ina fimbo ndefu inayoingia ndani ya tangi! Yaani ilipaswa kuwa fimbo. Ilikuwa imebaki waya mwembamba na makombo meupe yanayodondoka ukiyagusa. Nilicheka peke yangu. Wamarekani hao wote, na hawajui kwamba maji yanakula chuma laini?

"Mzee," nikamwambia, "nipe wiki moja tu. Nitakutengenezea fimbo ambayo haitaliwa na kitu."

Alhamisi, 6 Machi

Gakinjiro, kwa Évode, mkereza vyuma. Nimempelekea ile bolti, nikamwambia anikerezee nyingine kama ile, urefu ule ule, lakini kwa stenlesi. Amechukua asubuhi nzima. Nyuzi zimekaa barabara, fimbo inang'aa unaweza kujitazama meno.

"Velonika," akasema, "hii chuma itakuzika wewe na watoto yako."

"Sina watoto."

"Basi itakuzika wewe peke yako."

Tukacheka sana.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesafisha tangi kwa mpira wa maji mpaka takataka zikaisha, nikazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi, nikafunga fimbo yangu. Nikajaza, nikawasha gesi. Baada ya nusu saa maji yakatoka ya moto, safi, bila harufu yoyote. Bila harufu! Mzee alinusa kikombe mara tatu.

Mama Gahongayire akatolewa nje ameshikwa mkono na binti yake, Mukunde, mfamasia, kucha ndefu za rangi ya damu ya mzee. Mama akaingia kwenye gari akaoga, akatoka ana uso mwingine kabisa. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kwetu wapi hasa. Nilipomtajia Kayanga akanishika mkono asiuachie.

"Mwanangu, kahawa za kule bado zinachanua zote siku moja?"

"Bado, mama. Unaamka asubuhi unaona meupe tupu."

Na Mukunde? Alikuwa anaitazama simu. Wapo watu wa namna hiyo.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Vyoo viwili Kimisagara.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri, barabara ya kuja kwangu imekuwa mto. Mzee Zephaniah amenipigia kunishukuru tu. Mama anaoga ndani ya gari kila jioni, anasema anajizoeza safari. Anawaambia wageni, "Fundi wangu ni mtu wa kwetu." Nimejisikia mkubwa siku nzima. Kwa nini nisijisikie?

Jumatatu, 7 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari imeanza. Maduka yamefungwa, mtaa uko kimya. Mama mwenye nyumba wangu anakaa mlangoni na kitenge mabegani, hasemi na mtu. Mimi si wa hapa, sina la kusema mbele yake. Nilimpelekea uji, akaupokea.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeitwa Remera. Maji ya moto yanatoka na rangi ya chai. Nimefungua koki, nimeyaacha yaende, yakawa safi.

"Ni maji ya mji, Mzee. Mvua hizi zinachafua mabomba yote."

Ameniamini. Na mimi nilijiamini, naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 22 Aprili

Tena. Safari hii si chai, ni wekundu wa tofali. Mukunde alinisubiri mlangoni na beseni mkononi.

"Maji iko nyekundu, fundi. Mama hawezi oga na hii."

"Ni mvua, dada."

"Ndani ya nyumba iko safi. Mvua inachagua gari?"

Nikachovya kidole kwenye beseni. Akaendelea, sauti ya chini, "Ile chuma, ulinunua ao ulitengeneza?"

Nikawaka. Nikamwambia mimi nilianza kushika spana yeye bado ananyonya, na kama anamjua fundi bora amlete. Yeye hakupandisha sauti. Akanitazama tu, akamwaga beseni uani, akaingia ndani. Nikamwambia mzee, huyu binti yako hataki mama aende. Mzee akasema, "Anaogopa barabara." Wamepanga kuondoka Mei mosi, siku ya mapumziko, magari ya mizigo yakiwa machache pale mpakani Rusumo.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijui nianze wapi.

Nilikuwa Masoro, kwenye ghala la kampuni ya hita za jua, kuchukua viungio. Mtunza ghala ni Mkenya, Wanjiku, tunafahamiana. Juu ya kaunta yake kulikuwa na boksi la fimbo, nzito kidogo, kijivu, kila moja na bolti kichwani. Moyo ulishtuka kabla ya akili.

"Hizi ni za nini?"

"Za ndani ya tangi. Ni magnesiamu. Hiyo unaiweka iliwe."

"Iliwe?"

"Eeh. Tangi ni chuma, na maji lazima yale chuma fulani. Sasa unayapa hii, ni laini, wanaipenda. Wakimaliza hii unaweka ingine. Ukikosa kuweka, wanakula tangi."

Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani, je, mtu akiweka ya stenlesi?

Wanjiku alicheka mpaka akashika kaunta. "Huyo ameiambia kutu iende ikule tangi mbio! Stenlesi hailiwi, na inaharakisha tangi kuliwa. Nani amefanya hivyo?"

"Fundi mmoja huko Nyabugogo."

Ndivyo nilivyosema. Nyabugogo.

Kwa hiyo ule waya na makombo niliyoyacheka ilikuwa fimbo iliyofanya kazi yake mpaka mwisho. Na harufu iliondoka kwa sababu niliondoa ile fimbo yenyewe. Wanjiku amenieleza hata hilo: magnesiamu na maji machafu vikikaa pamoja hutoa harufu ya mayai, dawa yake ni kusafisha kwa siki. Siki, mama yangu! Chupa moja ya siki.

Nimemuuliza tangi jipya la namna ile linapatikana wapi. Nairobi, akasema, wiki tatu. Sikuagiza. Nikiagiza lazima nimweleze mzee kwa nini, na mkewe anawaambia watu mimi ni mtu wa kwetu. Nimenunua fimbo moja ya magnesiamu nikaja nayo nyumbani ndani ya khanga, kama mwizi.

Jumamosi, 26 Aprili

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumezibua mtaro mtaa mzima, mimi na sururu. Kila mtu ananisifia nguvu. Nilikuwa nachimba ili nisifikiri.

Jumatatu, 28 Aprili

Évode amenikatia fimbo ya magnesiamu na kuipachika kichwa kinachoingia. Akauliza ile ya stenlesi ina kasoro gani. Nikamwambia mteja ana matakwa yake.

Remera, nikamwambia mzee nimekuja kufanya huduma ya kawaida kabla ya safari. Nikafungua. Stenlesi ilitoka kama ilivyoingia, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Nyuma yake yakatoka maji mekundu na vipande, magamba ya tangi, vingine vipana kama ukucha wa kidole gumba. Nikamulika tochi shimoni. Ndani kumechimbika. Labda tangi lilikuwa linaumwa tangu zamani, miaka ile waya mtupu haukuwa unalilinda. Inawezekana. Nimejirudia hilo njia nzima na halijanisaidia.

Nimefunga ya magnesiamu. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Alhamisi tunaondoka, Vero? Niwaambie wenyeji wetu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa nimepiga magoti, tochi mdomoni, kwa hiyo nilipata muda wa kuitoa na kufikiri. Nikasema, "Maji hayajatulia, Mzee. Nipe wiki moja tu."

Hakubisha. Yeye ni dereva, anamheshimu fundi.

Mama Gahongayire ameiona ile fimbo ya stenlesi mkononi mwangu, akainyooshea mkono. "Nipe hiyo. Ni nzuri mno kutupwa." Nikampa. Ningemnyima vipi?

Alhamisi, 1 Mei

Mapumziko. Jua zuri tangu asubuhi, jua la kusafiri. Nimefua nguo ambazo zilikuwa safi.

Ijumaa, 2 Mei

Harufu imerudi. Nilijua itarudi. Mzee amenipigia, mpole vile vile. "Vero, ile inayong'aa ilikuwa nzuri zaidi. Kwa nini tusiirudishe?"

Nikaenda na lita tano za siki. Nimelisafisha tangi mara mbili, harufu imepungua. Wekundu haujapungua.

"Wiki moja tu, Mzee."

"Sawa, mama. Lakini hiyo wiki ina siku saba, eh?" Akacheka. Mimi nikacheka pia, Mungu anisamehe.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Bomba limepasuka Biryogo, siku nzima kwenye tope.

Alhamisi, 8 Mei

Leo niliingia chumbani kwa mama kumsalimia, mara ya kwanza. Nilidhani nitakuta mgonjwa na muuguzi wa kulipwa. Nimekuta godoro jembamba sakafuni kando ya kitanda, shuka limekunjwa, na ukutani karatasi yenye saa za dawa kwa mwandiko wa Mukunde. Saa mbili, saa sita, saa kumi, saa mbili, saa sita, saa kumi. Nikahesabu. Huyu binti halali zaidi ya saa nne mfululizo tangu sijui lini. Na asubuhi anakwenda kusimama kwenye duka la dawa, na zile kucha, kumbe mama ndiye anayezipaka. Ndiyo kazi pekee ambayo mikono yake bado inaiweza, na Mukunde anakaa kimya apakwe. Leo zilikuwa za zambarau.

Mama hana tena sauti ya kuita. Ameilaza fimbo yangu kando ya mto, na akimtaka binti yake anagonga chuma cha kitanda. Ting. Ting. Mlio safi kabisa.

"Unaona?" akaninong'oneza. "Inafanya kazi."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya gari mpaka nikaweza kusema na watu. Nilikuwa nimemwita yule binti moyoni majina yote mabaya. Mei kumi na tano ndiyo tarehe mpya.

Jumatatu, 12 Mei

Tangi linavuja. Nimeingiza mkono chini yake, zulia limelowa, na kwenye mshono kuna jasho jekundu linalotiririka taratibu. Ukiliwashia gesi likiwa hivyo, likapasuka mama akiwa amekaa nusu mita toka hapo, maji yanayochemka yatamfuata alipo.

Ninayo gundi ya chuma kwenye sanduku. Ningepaka, ingeshika siku mbili, labda tatu. Karagwe kwenda na kurudi ni siku nne. Nilikaa na ule mrija mkononi kwa muda mrefu, na nisingependa mtu ajue jinsi nilivyokaribia. Sikupaka. Nikafunga gesi na maji, nikamwendea mzee aliyekuwa anapakia magodoro.

"Tangi limeoza, Mzee. Lazima jipya, toka Nairobi."

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu."

Akaweka godoro chini. "Limeoza kwa nini?"

"Uzee. Yule mmisionari hakulitunza."

Nikamsingizia mtu aliye ng'ambo ya bahari, asiyeweza kujitetea. Mzee akaniambia tuliagize leo leo. Halafu akaendelea kusimama pale, anatazama miguu yake.

Jumanne, 13 Mei

Mama amevunjika nyonga. Hakuanguka hata, alikuwa anageuzwa kitandani. Mukunde ndiye alikuwa anamgeuza. Wamempeleka hospitali.

Ijumaa, 16 Mei

Wamemrudisha nyumbani. Daktari amesema hakuna cha kufanya isipokuwa dawa ya maumivu. Hakuna safari. Hakuna tena neno safari katika nyumba ile.

Jumatano, 21 Mei

Mvua inapungua.

Alhamisi, 29 Mei

Mama Gahongayire amefariki leo saa nane mchana. Mzee amenipigia mwenyewe. Alisema tu, "Vero, mama yako ameondoka." Nilikuwa juu ya paa la watu na spana mkononi.

Jumapili, 1 Juni

Tumemzika. Watu wengi sana, kwaya mbili. Walipotoa ushuhuda, jirani mmoja alisema marehemu alikuwa na tamaa moja tu, kukaa kando ya kaburi la mwanawe, na Mungu hakupenda. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimesimama katikati yao, nikasikia Mungu anabebeshwa kazi yangu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekwenda kukaa nao msibani. Jioni Mukunde alikuwa anaosha vikombe uani, nikashika taulo nifute. Nilikuwa nimeamua kuanza na yeye, kwa kuwa ndiye niliyemkosea kwa mdomo.

"Mukunde, tangi halikuoza kwa uzee."

"Ninajua."

Nikaacha kufuta.

"Nilisoma kwa simu," akasema, "ile siku uliniambia nilikuwa nikinyonya. Iko video mingi. Nilijua ni ile stenlesi." Akaweka kikombe. "Sikusema kwa papa. Ningesema, angekufukuza, angeita mwingine, wangeenda. Mimi sikutaka aende. Nilitaka akufe kwa kitanda yake, si kwa barabara, si mbele ya kaburi ya Rwema. Kila siku maisha yetu yote ni Rwema. Nilitaka abaki na mimi."

Alisema hayo bila kulia. Kisha akaongeza, "Sasa nimebaki na yeye. Nilimuvunja na hii mikono."

Nikamshika ile mikono, ina povu. Rangi kwenye kucha ilikuwa ya zambarau bado, imekatika-katika, hajaiondoa. Hatukusameheana. Sidhani tulikuwa na haki hiyo.

Jumatatu, 9 Juni

Tangi jipya limefika toka Nairobi. Wanjiku amenipigia kwa furaha, eti limechelewa wiki moja tu.

Jumamosi, 14 Juni

Hakuna wingu. Vumbi limeanza kuonekana kwenye majani ya barabarani.

Nilipeleka tangi Remera kwa pikipiki, nimelikumbatia. Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, na fimbo ya stenlesi mapajani.

"Hii ni yako," akasema. "Mwenyewe aliagiza urudishiwe. Tazama, haina hata doa."

Nikaipokea. Nikakaa chini, kwenye changarawe, kwa sababu maneno yale sikuweza kuyasema nimesimama. Nikamwambia yote. Fimbo ya kwanza ilikuwa ya kuliwa na mimi sikujua. Nikaona ujanja kutengeneza isiyoliwa. Tangu Aprili ishirini na nne nilijua, na kila nilipomwambia wiki moja tu, nilikuwa naokoa jina langu. Mmisionari hana kosa. Maji ya mji hayana kosa. Mukunde sikumtaja.

Mzee akageuka akatazama getini. Nilingoja atukane. Ningeshukuru.

"Aprili ishirini na nne," akasema mwishowe. "Alikuwa bado anatembea mpaka getini."

"Ndiyo, Mzee."

"Na maji ya moto." Akageuka akanitazama usoni, hana hasira, na hilo ndilo baya zaidi. "Vero, mimi nimekuwa dereva miaka thelathini. Unadhani nilikuwa naoga kwa hita? Ninalo jiko la mkaa. Ninayo sufuria. Ungeniambia siku ile, fimbo nimekosea, tangi limekufa, ningemchemshia mke wangu maji njia nzima. Kila kilomita ishirini ningesimama nimchemshie. Mei mosi tungekuwa tumevuka."

Nikasema, "Mzee, nisamehe."

"Nilikuwa nangoja wewe useme gari liko tayari," akasema. "Hicho tu ndicho nilichokuwa nangoja."

Akasimama, akaniambia nifungue hita yote niitoe. Nikauliza tangi jipya nilipeleke wapi. Akasema hajali. Nimeitoa hita nzima, na pale ilipokuwa nimeziba shimo kwa bati na ribiti kumi na mbili, nikapaka silikoni mara mbili ili vumbi la barabara lisiingie. Ni kazi nzuri. Nilipomaliza alikuwa amekwisha kuweka jiko la mkaa na sufuria nyeusi ndani ya gari, na kitenge cha mama kimekunjwa kwenye kiti cha mbele. Ameniambia anaondoka kesho alfajiri, anakwenda kumpa Rwema habari. Mukunde atakaa naye mbele.

Hakunipa mkono tulipoagana. Alisema, "Nitawasalimia kwenu," kama anavyosema mtu anayekwenda kwenu wakati wewe unabaki.

Fimbo iko hapa mezani ninapoandika. Jirani ananipikia maharage, harufu yake inaingia mlangoni. Nimeigonga fimbo mara moja kwenye ukingo wa meza, taratibu, na hakuna aliyekuja.